Shimo Lisilokuwepo

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe na wifi na watoto. Nimesikia kifua cha yule mdogo kimeanza kutulia, na nimefurahi sana. Mwambieni shangazi yake anamkumbuka na kwamba kile kikoti cha sufu nilichoahidi bado kipo kwenye cherehani, hakijasahauliwa. Mimi ni mzima wa mwili. Baba na Mama wapo. Utaona sikuandika kwamba hawajambo, na ukisoma mpaka mwisho utajua ni kwa nini. Kama umeifungua barua hii ukiwa umesimama, tafuta pa kukaa kwanza.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani, kwa sababu nakujua. Ungenikatiza, ungepandisha sauti, nami ningelia, na tungeagana bila kuelewana. Karatasi haina papara. Isome taratibu, halafu unipigie.

Nianze na lile ulilouliza. Ulisema basi kubwa zaidi uliloahidi kumnunulia Baba limepatikana, na ukataka nichague rangi ya viti. Kaka, lizuie basi hilo. Kama limeshaondoka huko, lirudishwe. Baba hataendesha tena, si hilo wala jingine.

Wewe umeondoka hapa siku nyingi, kwa hiyo acha nikuelezee mji ulivyo sasa kutoka mahali ninapouonea, yaani karakana yangu. Bado nashona viti vya magari katika chumba kile kile kinachotazama barabara kuu. Watu hudhani kazi yangu ni ya sponji na ngozi tu, lakini mwenye kushona viti huyajua ya madereva kuliko wake zao. Naletewa magari yaliyokatwa mikanda kwa wembe kwa kuwa eti inakunja shati. Mwenye teksi mmoja aliniomba nishone kava juu ya mikanda yote ya nyuma isionekane, maana abiria akiona mkanda anaanza kujiuliza dereva ni mtu wa namna gani. Mwingine alinunua kile kichuma cha mkanda peke yake, akakichomeka ili gari liache kumpigia kelele. Na mara nyingine huletwa kiti kimoja tu, kimeng'olewa, kimekwisha kuoshwa, na aliyekileta hataki mazungumzo. Hapo huwa nashona nikiwa nimefunga mdomo. Tukimaliza kila mmoja anasema ajali haina kinga, tunaagana, na kesho yake namwona huyo huyo analipita lori kwenye kona, simu ikiwa sikioni.

Katika mji kama huo, Baba alikuwa fahari yetu. Unakumbuka alivyokuwa akitugonga magoti na rula tukikaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, hata gari likiwa limezimwa uani. Nusu ya madereva wa hapa wamepita mikononi mwake, na mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu, sokoni, kinyozi, kila mahali. Alipostaafu shule ya udereva na kuanza kuwapeleka watoto wa mtaa shuleni kwa lile basi lake dogo, wazazi waligombania nafasi. Walisema mtoto akiwa kwa Mwalimu ni kama yuko mgongoni mwa mama yake.

Kisha Mama akaanza kufuatana naye. Alisema anataka hewa ya asubuhi, kwamba kukaa ndani kunamvimbisha miguu. Tulimtania. Nilimwambia jirani yetu muoka mikate kwamba wazee wangu wamerudia uchumba, na yeye akacheka akasema mapenzi ya uzeeni hayana dawa. Kila asubuhi Mama alikaa kando ya Baba, mkoba magotini, midomo ikichezacheza. Nilidhani anaomba, au anamsimulia umbea.

Yalikuwepo mengine ya kuniamsha, lakini sikuamka. Ubavu wa kushoto wa basi ulikuwa na michubuko isiyokwisha, na Baba alisema ni watoto wa mtaani na baiskeli zao. Gazeti alinipa mimi nimsomee, akilalamika kwamba siku hizi wachapaji wanabana wino. Jua likizama hakuwa tayari kuendesha hata kama umemlilia. Chai alimimina kwa kusikiliza, kidole kikiwa kimegusa ukingo wa kikombe. Nilipoona hayo nilisema moyoni, uzee huo. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini nasi tunaokaa naye nyumba moja tunamsaidia kuyaficha.

Mama mdogo alipofanyiwa upasuaji, Mama alikwenda kumuuguza. Baba akaniomba nifuatane naye siku chache, niwe nawapandisha watoto na kuwashusha. Nilifunga karakana nikaenda.

Kaka, aliendesha vizuri. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Mikono yote miwili kwenye usukani, mwendo wa pole, honi kabla ya kona ya kiwanda cha sabuni kama alivyotufundisha. Nyuma watoto walikuwa wakiimba. Tulipofika karibu na mashine ya kusaga, Baba akakanyaga breki, akapunguza gia, akalivusha basi polepole kabisa kama anayepanda tuta. Lakini hapakuwa na tuta. Walikuwa wamelichimbua wiki iliyotangulia, na lami mpya ilikuwa imelala tambarare. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umetulia, na macho yake yalikuwa mbele, ila hayakuwa yakiangalia kitu chochote.

Ndipo nilipoelewa kwamba Baba haendeshi kwa macho. Anaendesha kwa kumbukumbu. Wanafunzi wake aliwaambia siku zote kwamba barabara haikujui, wewe ndiye wa kuijua, na yeye alikuwa ameihifadhi moyoni yote, kona kwa kona. Kilichobadilika jana, kwake hakipo.

Sikuwahi hata kufungua mdomo. Mbele, baada ya soko, mafundi wa maji walikuwa wamechimba mtaro uliokata nusu ya barabara. Aliyeshika bendera nyekundu alikuwa akiipunga, halafu akawa anaipunga kwa mikono miwili, halafu akaacha kupunga akaruka pembeni. Baba alikuwa anakwenda vilevile. Nilipiga kelele asimame. Alikanyaga breki mpaka watoto wakagonga viti vya mbele, na tairi likasimama palipoanza udongo mbichi. Mwenye bendera alikuja akapiga boneti kwa kiganja, akatutukana. Watoto wakacheka, wakadhani ni mchezo, wakaomba turudie.

Baba alibaki ameshika usukani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia chumvi kwenye mchuzi, "Mama yako huniambia mapema."

Nilimhamishia kiti cha kando, nikashika usukani mimi mwenyewe, nikawafikisha watoto. Wakati wa kurudi nikasimamisha basi mbele ya zahanati nikamwomba anisomee kibao. Alisema kimeandikwa zahanati. Nilipomuuliza kama anayaona maandishi, akasema anajua ni zahanati kwa sababu tuko mbele ya zahanati. Akanieleza, bila hasira, kwamba ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili. Alipokwenda kupimwa ili aongezewe leseni, daktari hakumpima. Daktari huyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akamwambia Mwalimu wewe tena, akagonga muhuri, wakaulizana habari za nyumbani. Akaniomba nimwache amalize muhula tu. Nilimwambia hapana, na funguo nikazitia mfukoni mwangu.

Mama aliporudi na kusikia, hakunishukuru. Alinitazama kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi. Alisema miaka yote hii wamekwenda salama, yeye akitazama na Baba akiendesha: lori, mtu, ng'ombe, punguza, twende. Ndiyo maana midomo yake ilikuwa ikicheza. Alisema ndoa ni hiyo, mmoja akipungukiwa mwenzake anajazia, na kwamba Baba bila usukani ni maiti inayosubiri jeneza. Kulikuwa na funguo za akiba, na kesho yake niliamshwa na mngurumo wa basi likitoka uani.

Nikaenda kwa mkuu wa trafiki. Naye ni mwanafunzi wa Baba. Alinipa kiti, akanisikiliza huku akijibu simu, na nilipomaliza akacheka kwa upendo kabisa, akasema, "Dada, Mwalimu anaweza kuendesha hata akifumba macho." Nikamwambia hilo ndilo nililokuja kumweleza. Hakunielewa, au hakutaka. Aliniambia nisimvunjie mzee heshima mbele ya watu.

Nikaenda kwa wazazi, nyumba hadi nyumba. Muoka mikate peke yake ndiye aliyemtoa mtoto wake siku ile ile, wala hakuuliza maswali. Wengine walinong'ona kwamba nataka kumnyang'anya baba yangu biashara. Mmoja aliniambia kwa upole nitafute mume.

Kwa hiyo nilirudi kwa Mama. Nilimkuta chumbani kwao anapiga pasi shati la Baba la bluu, lile la kazini. Nikamweleza tena yote, mtaro, bendera, tuta lisilokuwepo. Nikamwambia binadamu hupepesa macho, hupiga chafya, huinama kuokota kitu, na siku atakapopepesa wataua mtu. Pasi ilisimama juu ya shati. Nilisikia harufu ya kuungua, nikaona moshi mwembamba ukipanda kando ya mkono wake, na yeye hakuiondoa. Akasema, "Tumeshaua."

Kaka, haya yanayofuata ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Unamkumbuka muuza maziwa, yule mrefu mwenye baiskeli ya madebe, aliyekuwa akitupigia kengele tungali kitandani. Nilikuandikia alipokufa msimu uliopita wa mvua, na ulituma rambirambi. Aligongwa asubuhi ya manyunyu, kando ya barabara ya shule, na aliyemgonga hakusimama. Wafagia barabara ndio waliomkuta, muda umeshapita, akiwa ndani ya mfereji na maziwa yamemwagika mpaka kwenye lami. Hospitali walisema angefikishwa mapema angeishi. Mji mzima ulimtafuta dereva yule. Walishuku malori, walishuku teksi, walimpiga kijana mmoja wa pikipiki bure.

Mama alisema asubuhi hiyo basi lilikuwa bado tupu, wanakwenda kuwachukua watoto wa kwanza. Baba alikohoa, akaomba pipi ya kifua. Mama akainamia mkoba kuitafuta. Akasikia kishindo upande wake. Baba akauliza ni nini hicho. Mama aliinua uso akatazama kwenye kioo cha pembeni, akaiona baiskeli imelala, gurudumu linazunguka, na mtu yuko nusu ndani ya mfereji.

Akamwambia, "Shimo. Endelea, watoto watachelewa."

Na Baba akaendelea. Aliendelea akinung'unika njia nzima juu ya watu wa barabara wanaokula fedha na kuacha mashimo. Wiki hiyo hiyo alivaa koti akaenda ofisini kwao kulilalamikia shimo lile, akawaelekeza mahali penyewe, na fundi wao aliyekwenda kulitafuta akarudi kusema halipo. Sote tulicheka mezani. Mama naye alicheka, namkumbuka. Kwenye mazishi Baba alisimama akazungumza, akasema aliyefanya tendo lile asiitwe dereva, na kama alipita mikononi mwake basi yeye anajuta kumfundisha. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwake. Tangu hapo ndipo Mama aliposhikilia kwamba binti wa marehemu apelekwe shuleni bila nauli, na mtaa mzima ukausifu moyo wake.

Nilipomuuliza kwa nini, hakuniambia aliogopa jela. Alisema neno lilitoka kabla hajalifikiri, kama kila asubuhi alivyokuwa akimtajia vitu vya barabarani, na likishatoka hakujua jinsi ya kulirudisha. Alisema kila alipotaka kusema, alimwona Baba akiamka anasafisha vioo vya basi kwa gazeti, kwa uangalifu ule, vioo asivyoweza kuona kupitia kwavyo. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumkimbia. Nikaishia kuchomoa waya wa pasi.

Tulimwambia Baba Jumapili mchana, sebuleni. Mama ndiye aliyesema. Mimi nilisimama mlangoni. Alipomaliza, Baba aliuliza muuza maziwa alikuwa upande gani. Mama akajibu, kushoto. Akauliza kama alikuwa juu ya lami au kando. Kando, Mama akasema, palepale anapopaswa kuwa mwenye baiskeli. Baba akatikisa kichwa polepole, kama anayemsahihisha mwanafunzi na kumkuta hana kosa. Kisha akaomba viatu vyake. Akasema atakwenda kwanza kwa mjane, halafu polisi.

Nilijitolea kuwaendesha. Alikataa kuingia kwenye gari lolote. Tukaenda kwa miguu, mimi kulia, Mama kushoto. Kwenye kivuko cha sokoni alisimama, akaubana mkono wangu. Sijawahi kumwona Baba akiiogopa barabara. Tulisimama pale juu ya mistari myeupe na hakuna gari lililosimama, moja baada ya jingine, kila dereva akimwachia wa nyuma yake ndiye asimame. Mmoja alipunguza mwendo kidogo, simu begani, akapunga mkono akamwita Mwalimu kwa furaha, akapita.

Mjane alitusikiliza akiwa amesimama. Baba alisema yake, kwamba yeye ndiye, kwamba hakujua lakini alipaswa kujua, kwani alijua haoni. Mjane hakumwangalia. Alimgeukia Mama akamuuliza kama mumewe alikuwa bado anajongea alipomwona kwenye kioo. Kaka, Mama angeweza kudanganya mara ya pili. Alisema ndiyo, aliuona mkono wake umeinuka. Mjane aliufunga mlango, polepole, wala hakuubamiza. Tulisikia komeo.

Kituoni tulimkuta mkuu wa trafiki yule yule. Hakucheka. Baba aliiweka leseni yake mezani akaisogeza mbele kwa kidole, akatoa maelezo yake kwa utaratibu kama anayefundisha somo. Mama akatoa yake. Wameachiwa kwa dhamana, wote wawili, Baba kwa kuua kwa uzembe na Mama kwa kuficha. Kesi itaanza kusikilizwa mwezi ujao. Wakili anasema umri wa Baba unaweza kumsaidia. Nilipomuuliza kuhusu Mama, alipanga tu karatasi zake.

Wazazi wamekutana shuleni. Wameamua kila anayebeba watoto akapimwe macho katika hospitali ya mji mwingine, mahali ambapo hakuna anayemwita Mwalimu wala mjomba. Tuta la mashine ya kusaga linarudishwa, na kivuko cha sokoni kitawekewa mtu wa kusimamisha magari asubuhi na jioni. Mimi nimebandika tangazo mlangoni: sishoni kiti kisicho na mkanda, na wala sifuniki mkanda. Wateja wamepungua. Yule wa teksi amekwenda kwa fundi mwingine, naye kamfunikia. Sijui kama tumeziba ufa au tunapaka rangi juu yake. Kila nikisikia breki ikilia nje, sindano inasimama.

Baba amehamishia kiti chake uani, nyuma ya nyumba. Anakula kidogo. Na Mama hulala mchana kutwa akiwa ameelekea ukutani, lakini midomo yake bado inacheza, nimeisikiliza kwa karibu. Anataja vitu. Lori. Mtu. Punguza.

Njoo, Kaka. Nawe usije kwa gari lako ukiendesha safari nzima bila kupumzika, kama wifi anavyonieleza kwamba ndiyo sifa yako siku hizi. Panda la mtu mwingine, kaa, funga mkanda, ulale. Baba amenituma neno moja nikuandikie kama lilivyo. Amesema ukiingia mahakamani usije kukaa nyuma yetu. Ukakae na watoto wa muuza maziwa, kama watakukubali. Wasipokubali, usimame.

Wasalimie watoto, na umbusu yule mdogo kwa niaba yangu. Wifi mwambie nitampigia, ila ampe mumewe nafasi ya kusoma kwanza. Nakusubiri, na nyumba nzima inakusubiri, ingawa ni mimi peke yangu ninayeweza kusema hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano